Nani Apime, Nani Apimwe? Historia ya Kuundwa kwa Chama cha Wanasaikolojia Kusini mwa Afrika (1948–1994)

Utangulizi

Historia ya vyama vya wanachuoni huandikwa mara nyingi kama orodha ya tarehe: siku ya mkutano wa kwanza, jina la rais, idadi ya wanachama, mahali pa ofisi. Orodha ya namna hiyo ina faida yake, lakini hainyooshi mkono kuligusa swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: chama hicho kilimfungulia nani mlango, na kilimfungia nani? Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama mfano mmoja tu, ule wa chama cha wanasaikolojia wa Afrika Kusini. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1948, kikapasuka mwaka 1962, kikaungwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hatimaye kikaacha nafasi yake ichukuliwe na chama kingine mnamo Januari 1994.

Msomaji ana haki ya kuuliza: wanafunzi wa Kiswahili katika Kongo wana kazi gani na mabishano ya wanasaikolojia wa Stellenbosch na Johannesburg? Tunajibu kwa hoja mbili. Kwanza, migodi ya dhahabu ya Rand na migodi ya shaba ya Katanga ilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Yote ilihitaji maelfu ya wafanyakazi kutoka makabila na lugha mbalimbali, na katika sehemu zote mbili mwanasaikolojia aliitwa aje awachague na kuwapanga. Pili, kila jaribio la akili ni tendo la lugha. Hata pale ambapo mtahini hasemi neno, ukimya wake ni lugha pia, na mtahiniwa hana budi kuufasiri. Basi habari ya chama hiki inatuhusu kwa upande wa historia ya kazi, na pia kwa upande wa taaluma yetu ya lugha.

1. Asili ya taaluma na asili ya kipimo

Kwa desturi, mwanzo wa saikolojia kama sayansi ya maabara huhesabiwa tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1889, wataalamu wa fani hiyo walikutana Paris katika kongamano lao la kwanza la kimataifa. Na mwaka 1892 Wamarekani waliunda chama chao cha taifa. Tuiweke akilini tarehe ya 1889, kwa maana tutairudia mwishoni.

Katika Afrika Kusini taaluma hii ilipandwa mapema. Mnamo mwaka 1917, R. W. Wilcocks, aliyekuwa amesoma Ujerumani, aliianzisha katika Chuo cha Stellenbosch. Miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho alitoka Hendrik Verwoerd, aliyepata udaktari wake wa saikolojia mwaka 1924 na kushika kiti cha profesa wa saikolojia tumizi mwishoni mwa muongo huo, kabla ya kuhamia katika sosholojia na baadaye katika siasa. Huyu ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya wenyeji kuanzia mwaka 1950, akaisimamia sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953, na akawa waziri mkuu tangu 1958 hadi alipouawa mwaka 1966. Hatusemi kwamba saikolojia ndiyo iliyoizaa siasa ya utengano. Hoja hiyo ingekuwa nyepesi mno. Tunachosema ni kwamba mtu mmoja aliweza kuvaa majoho hayo mawili bila wenzake wa taaluma kuona kwamba hayapatani.

Kati ya mwaka 1929 na 1932, tume iliyofadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani ilichunguza hali ya Wazungu maskini wa nchi hiyo. Wilcocks alikabidhiwa sehemu ya saikolojia, na majaribio ya akili yakatumiwa kwa watoto wa shule. Ripoti ya mwaka 1932, iliyotoka katika majuzuu 5, ilitaja kwa urefu mambo ya mazingira: ukame, upweke wa mashamba, shule chache, lishe duni. Dawa iliyopendekezwa, pamoja na nyingine, ilikuwa elimu. Lakini mwaka 1939, M. L. Fick alipochapisha utafiti wake juu ya uwezo wa mtoto Mwafrika wa kufunzika, alama za chini zilisomwa kwa jicho lingine kabisa. Sasa haikutajwa sana shule iliyokosekana, wala chakula kilichopungua. Ilitajwa tabia ya kuzaliwa. Kipimo kilikuwa cha jamii moja, ila msomaji wake alikuwa na vitabu viwili vya tafsiri: kimoja kwa Mzungu maskini, cha pili kwa Mwafrika.

Yafaa tuongeze kwamba hoja ya Fick haikupita bila kujibiwa. Mwaka 1943, Simon Biesheuvel alichapisha kitabu juu ya akili ya Mwafrika, akaonyesha kwamba mtu hawezi kulinganisha alama za makundi mawili ambayo nyumba zao, lishe yao, shule zao na mazoea yao ya vitu vinavyotumika katika jaribio ni tofauti. Hoja hiyo ilikuwa ya kisayansi, na ilikuwa na nguvu. Hata hivyo, mwandishi wake alikuwa Mzungu akibishana na Mzungu mwenzake juu ya Waafrika, nao Waafrika wenyewe hawakuwa na kiti katika mjadala. Wazee wetu walisema: Msema pweke hakosi. Hata watu wawili wakibishana huku mwenye kesi akiwa nje ya mlango, tunaweza kusema kwamba upande mmoja bado unasema peke yake.

2. Filamu isiyosema: migodi ya Rand na migodi ya Katanga

Mwaka 1946 ilianzishwa nchini Afrika Kusini taasisi ya taifa ya utafiti wa wafanyakazi, chini ya uongozi wa Biesheuvel. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwasaidia wenye migodi ya dhahabu kuwapanga wachimbaji wapya: nani aende kwenye kazi ya nguvu tupu, nani afunzwe mashine, nani afanywe msimamizi wa wenzake. Wachimbaji hao walitoka pande nyingi za kusini mwa bara, na lugha zao zilikuwa nyingi. Kufasiri maelekezo ya jaribio katika kila lugha kulionekana kazi ndefu na ya gharama. Kwa hiyo ulibuniwa mfululizo wa majaribio ambao maelekezo yake yalitolewa kwa filamu isiyo na sauti. Mtahiniwa alimwona mtu katika picha akipanga vipande, akifunga bolti au akitenganisha vitu kwa aina; kisha akapewa vifaa vya namna ile ile, naye akatakiwa afanye kama alivyoona.

Kwa upande wa ufundi, hatuwezi kukana werevu wa mpango huo. Lakini tuutazame kwa jicho la mwanaisimu. Hapa palikuwa na mtu mzima, mwenye lugha yake, mwenye mafumbo na methali zake, na katika mazungumzo yote aliyofanyiwa na sayansi hakuulizwa neno hata moja, wala hakutakiwa kujibu kwa neno. Chini ya ardhi alingojewa na Fanakalo, lugha ya migodini ambayo msamiati wake ulijaa amri. Kwa hiyo, mahali pa kupimwa alikuta kimya, na mahali pa kazi alikuta amri. Lugha yake mwenyewe ilibaki bwenini.

Katika Katanga mambo yalikwenda kwa njia ya jirani. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imechagua tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao, na jambo hilo lilileta shule, zahanati, na baadaye wapimaji wa akili. Katika miaka ya 1950, André Ombredane, profesa wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, alifanya tafiti zake katika Kongo. Mwaka 1954 alichapisha kitabu juu ya jaribio la picha alilolitengeneza kwa ajili ya Wakongo. Jaribio la asili la namna hiyo lilikuwa limebuniwa Harvard mwaka 1935 na Christiana Morgan pamoja na Henry Murray: mtahiniwa huonyeshwa picha ya watu katika hali yenye utata, naye hutunga hadithi. Ombredane aliona kwamba picha za Wamarekani waliovaa suti hazingemwambia kitu mtu wa Kongo, hivyo akachorisha picha mpya zenye sura na mazingira ya Kiafrika.

Utafiti mwingine wa Ombredane na wenzake, uliochapishwa mwaka 1956, unastahili kukumbukwa zaidi. Waliwapa watu wa kabila la Asalampasu, katika Kasai, jaribio la maumbo ya rangi, na wakalirudia zaidi ya mara moja. Alama zilipanda kadiri watu walivyolizoea jaribio. Tokeo hilo ni dogo kwa sura, lakini lina maana kubwa. Ikiwa alama hupanda kwa mazoea, basi alama ya kwanza haikuwa picha ya akili iliyotulia kichwani tangu kuzaliwa. Ilikuwa picha ya mkutano wa kwanza kati ya mtu na kitu kigeni. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kufanya mtihani katika lugha ambayo hajaizoea anaujua ukweli huo bila kufundishwa na mtu.

3. Chama cha 1948 na mpasuko wa 1962

Ni katika mazingira hayo ambapo chama cha wanasaikolojia wa Afrika Kusini, kilichojulikana kwa kifupi cha SAPA, kiliundwa mwaka 1948. Kilianza na wanachama 34. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba wote wangeweza kuketi katika darasa moja. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, chama cha siasa cha Wazungu wazalendo kilishinda uchaguzi na kuanza kuijenga serikali ya ubaguzi wa rangi kwa sheria moja baada ya nyingine. Chama cha wanasaikolojia kilikusudia mambo ambayo vyama vya namna hiyo hukusudia popote: kukutana kila mwaka, kusomeana tafiti, kulinda heshima ya fani, kuzuia matapeli wasijiite wanasaikolojia. Swali la rangi ya mwanachama halikuhitaji kuulizwa, kwa sababu vyuo vyenyewe vilikuwa vimekwisha kulijibu. Palipokosekana Mwafrika mwenye shahada ya juu ya saikolojia, hapakuhitajika kanuni ya kumzuia.

Swali hilo lilifika mezani katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, pale Josephine Naidoo, mwanasaikolojia wa asili ya Kihindi, alipoomba uanachama. Shahada anayo, kazi anaijua, na ombi lake limeandikwa kama maombi ya wengine. Hapo ndipo chama kilipogundua kwamba hakijui kama ni chama cha sayansi au ni chama cha Wazungu. Majadiliano yaliendelea kwa miaka kadhaa. Tutafakari kidogo urefu wa muda huo: watu waliosomea tabia za binadamu, waliofundisha wengine namna ya kufikia uamuzi, walihitaji miaka ili kuamua kama mwenzao mmoja aruhusiwe kuketi nao.

Mwaka 1962 chama kilikubali hatimaye kwamba uanachama usitegemee rangi. Mara moja sehemu ya wanachama wakajitenga, wakaunda chama chao, kilichoitwa kwa kifupi PIRSA, ambacho uanachama wake ulikuwa wa Wazungu peke yao. Wengi wa waliojitenga walikuwa wasemaji wa Kiafrikaans, hali waliobaki SAPA wengi wao walitumia Kiingereza. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba huo ulikuwa ugomvi wa lugha mbili. Lugha ilikuwa ua. Kilichogombaniwa kilikuwa shamba. Na shamba lenyewe lilikuwa swali hili: je, binadamu anayechunguzwa na saikolojia ni mmoja, au wako wa namna kadhaa?

Hata hivyo hatupaswi kuipamba SAPA kupita kiasi. Kufungua mlango ni jambo moja, na kumjengea mtu njia ya kuufikia ni jambo la pili. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imewatenga wanafunzi weusi katika vyuo vya makabila na rangi, ambako vitabu, maabara na nafasi za mafunzo ya hospitali vilikuwa haba. Chama kilichokuwa wazi kwa katiba kilibaki cheupe kwa sura.

4. Miaka ya vyama viwili, na sauti kutoka nje

Kwa muda wa karibu miaka 20, nchi moja ilikuwa na vyama viwili vya taaluma moja. Sheria ya mwaka 1974 juu ya fani za tiba iliwaweka wanasaikolojia katika daftari la serikali, na tangu hapo vyama vyote viwili viliona faida ya kusema kwa sauti moja mbele ya wizara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaungana katika chama kipya, PASA. Muungano huo ulisifiwa kuwa ni upatanisho. Lakini ulikuwa upatanisho wa wale waliogombana, yaani Wazungu kwa Wazungu. Wale walioleta sababu ya ugomvi hawakuombwa radhi.

Fikra mpya ilikuwa imekwisha kuanza kuchipuka nje ya kumbi za vyama. Mwaka 1973, Chabani Manganyi, mwanasaikolojia wa tiba, alichapisha kitabu juu ya maana ya kuwa mtu mweusi duniani. Humo mtu aliyezoea kuwa kitu cha kupimwa aligeuka kuwa msemaji. Aliandika juu ya mwili wake, hofu yake na historia yake kwa ulimi wake mwenyewe. Mwaka 1974, baada ya mikutano ya hadhara ya kushangilia ushindi wa Frelimo kule Msumbiji, vijana wa harakati ya Fahamu ya Weusi walikamatwa. 9 kati yao walihukumiwa mwishoni mwa mwaka 1976. Mmoja wao, Saths Cooper, alipelekwa kisiwa cha Robben. Baada ya kutoka gerezani aliendelea na masomo ya saikolojia, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1989.

Mwaka 1983 ulileta mambo mawili. Liliundwa shirika la wahudumu wa jamii na wanasaikolojia waliokataa utumishi wa ubaguzi, lijulikanalo kwa kifupi OASSSA. Na lilianza kutoka jarida la uhakiki, PINS, lililouliza waziwazi saikolojia inamtumikia nani. Mwaka 1987, Don Foster wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na Dennis Davis na Diane Sandler, walichapisha utafiti juu ya kuwekwa kizuizini na kuteswa kwa watu nchini humo. Vyombo vile vile vya taaluma, yaani mahojiano, hesabu na maelezo ya dalili za maumivu, ambavyo vilikuwa vimetumika kumpanga mchimbaji, sasa vilitumika kuonyesha serikali ilimtendea nini mfungwa. Hili ndilo funzo tunaloliona kuwa kubwa katika sehemu hii: kipimo hakina bwana mmoja tangu kuzaliwa. Swali ni nani anayekishika, na anampelekea nani matokeo.

5. Januari 1994

Nelson Mandela alipofunguliwa mnamo Februari 1990, PASA ilijikuta katika hali ya mtu aliyejenga nyumba juu ya kiwanja kinachodaiwa. Wanasaikolojia weusi wengi hawakutaka kuingia chama kilichounganishwa bila wao, hata kama sasa walikaribishwa kwa maneno matamu. Walidai kiundwe chama kipya, chenye katiba mpya na jina jipya. Tofauti baina ya kukaribishwa katika nyumba ya mwingine na kushiriki katika kujenga nyumba ni tofauti inayoeleweka na kila aliyewahi kuwa mgeni.

Mazungumzo yalifanyika, na mnamo Januari 1994, miezi 3 kabla ya uchaguzi wa kwanza wa raia wote, kilizinduliwa chama kijulikanacho kwa kifupi PsySSA. PASA ikavunjwa. Mahali pa uzinduzi palikuwa Chuo Kikuu cha Western Cape. Mahali hapo pana maana yake. Chuo hicho kilianzishwa kufuatana na ile sheria ya mwaka 1959 kwa ajili ya watu walioitwa machotara, ili wasisome pamoja na Wazungu. Baadaye walimu na wanafunzi wake walikigeuza kuwa mojawapo ya ngome za kupinga utengano. Chama kilichokusudia kufuta mstari wa rangi kilizaliwa ndani ya uzio uliochorwa na mstari huo.

Miaka iliyofuata ilikitia chama na taaluma yote katika mtihani mgumu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza vikao vyake mwaka 1996, na miongoni mwa waliohudumu humo alikuwamo mwanasaikolojia Pumla Gobodo-Madikizela. Humo, tofauti na kwenye filamu ya migodini, watu walisema. Walisema Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaans, na wakalimani walikaa vibandani wakiyavusha maneno. Katiba ya mwaka 1996 ilitambua lugha rasmi 11. Lugha ya alama iliongezwa kuwa ya 12 mwaka 2023. Lakini kuitambua lugha katika katiba si sawa na kuwa na mtaalamu wa kumtibu mtu katika lugha hiyo. Vyuo viliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na kwa kiasi fulani Kiafrikaans, na maneno ya maumivu yaliendelea kufasiriwa na muuguzi, au na mtoto wa mgonjwa aliyesimama karibu na kitanda.

6. Kutoka chama cha nchi hadi umoja wa bara

Tarehe ya 1889 tuliyoiweka akilini sasa tuirudie. Tangu mkutano wa Paris, kongamano la kimataifa la saikolojia lilizunguka Ulaya, Amerika, Asia na Australia, lakini halikukanyaga ardhi ya Afrika mpaka mwezi wa Julai 2012, lilipofanyika Cape Town. Miaka 123 ilikuwa imepita. Katika kongamano hilo Saths Cooper, yule mfungwa wa zamani wa kisiwa ambacho huonekana kutoka pwani ya mji huo huo, alichaguliwa kuwa rais wa umoja wa kimataifa wa saikolojia, akaushika wadhifa huo hadi mwaka 2016. Hapo hapo wajumbe wa vyama vya nchi za Afrika walitia sahihi azimio la kuunda umoja wa saikolojia wa bara zima. Mwaka 2017 kongamano la kwanza la umoja huo lilifanyika Durban.

Umoja huo haukuanzia katika ombwe. Bara lilikuwa na akiba yake. Katika Dakar, hospitali ya Fann ilikuwa chimbuko la jarida la maradhi ya akili ya Kiafrika tangu mwaka 1965. Katika Kameruni, Bame Nsamenang aliandika mwaka 1992 juu ya makuzi ya mtoto kwa kuanzia katika mazingira ya Kiafrika. Katika Zambia, Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester: wa Lusaka waliwashinda wenzao walipotakiwa kuiga maumbo kwa waya, kwa kuwa wamezoea kutengeneza magari ya waya, wa Manchester walishinda kwa kalamu na karatasi, kwa udongo hapakuwa na tofauti ya maana. Na hapa kwetu, mageuzi ya mwaka 1971 yaliyounganisha vyuo vyote katika Chuo Kikuu cha Taifa yaliipeleka saikolojia na elimu ya ualimu Kisangani, kama vile yalivyoileta Kitivo cha Fasihi Lubumbashi.

Mgawanyo huo wa mwaka 1971 ulikuwa na athari ambayo hatujaitafakari vya kutosha. Wanaochunguza akili walitengwa na wanaochunguza maneno kwa mamia ya kilometa, nazo barabara tunazijua.

Hitimisho

Tumeona chama kilichoanza na watu 34, waliowapima mamilioni wasiokuwa na nafasi ya kuwajibu. Tumeona ombi moja la uanachama likikipasua. Tumeona muungano uliosahau waliotengwa. Na tumeona mwanzo mpya wa mwaka 1994. Je, mtafiti wa Kiswahili achukue nini kutoka humo?

Tutoe mfano mmoja. Katika miaka ya 1970, Mallory Wober aliwauliza Waganda maana ya neno *obugezi*, ambalo wafasiri hulitoa kama akili. Alikuta kwamba kwa watu wa vijijini neno hilo lilikaribiana na utulivu na uangalifu, wala si wepesi wa kujibu. Naye Serpell, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza kwamba Wachewa wa mashariki ya Zambia, wanapomsifu mtoto kwa *nzelu*, hutazama mambo mawili: wepesi wa fikra, na ile tabia waiitayo *kutumikila*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Atamwona mara moja mtoto anayetumika, anayeweza kutumwa kwa jirani naye akarudi na jibu kamili na chenji kamili. Jaribio linalohesabu sekunde peke yake litampa mtoto huyo alama ya chini, na kijiji kizima kitashangaa.

Sasa tujiulize: *akili*, *busara*, *werevu*, *ujanja*, *hekima*, *maarifa*, je, ni neno lipi kati ya hayo linalopimwa mtaalamu anapomletea mtoto wa Kenya au wa Katuba, hapa Lubumbashi, karatasi ya maumbo? Na katika Kiswahili cha kambi na mitaa yetu, ambacho wazazi wa mtoto huyo hukitumia kila siku, maneno hayo yana mipaka ile ile iliyomo katika kamusi za sanifu? Hayo ni maswali ya utafiti wa lugha kabla hayajawa maswali ya saikolojia, na hakuna chama kitakachoyajibu kwa niaba yetu.

Kwa hiyo pendekezo letu ni la kawaida, na laweza kutekelezwa bila fedha nyingi. Kila mara mwanafunzi wa saikolojia anapokusudia kufasiri jaribio au dodoso kwa Kiswahili, na aketi kwanza na mwanafunzi wa isimu. Na wote wawili waende kuwauliza wenye lugha, wazee kwa vijana, kabla ya kuchapa ukurasa wa kwanza. Chama cha Afrika Kusini kilichukua miaka 46, tangu 1948 hadi 1994, kujifunza kwamba anayepimwa lazima awe na kiti mezani. Sisi tuliolisoma somo hilo hatuna udhuru wa kulichelewesha.